Theluji ya Mama

Hapo Marangu, nyumba ya tatu kutoka kanisani, aliishi Aikande na bibi yake. Aikande alikuwa na miaka sita na mapengo mawili.

Ilikuwa mkesha wa Krismasi. Bibi alisimamisha tawi la msonobari kwenye ndoo ya mchanga. Huo ndio mti wao.

Mti wa Bibi ulikuwa na desturi yake. Kila aliyefika nyumbani alipewa kipande cha pamba, akakitundika mwenyewe.

"Hiyo ndiyo theluji yetu," alisema Bibi. "Nikiitazama, najua nani amekuja."

Bibi alitundika yake. Aikande akatundika yake.

Vuuum! Baba Mdogo akafika kutoka Arusha. Akatundika yake.

Vuuum! Shangazi akafika kutoka Tanga na mwanawe, Ndewario. Wakatundika zao.

Kikabaki kipande kimoja tu, cha Mama. Mama alifanya kazi Mtwara, mbali kweli kweli. Hakuwa ameonekana tangu Pasaka. Aikande alimkumbuka sana.

Akakishika kipande kile kiganjani. Akaimba polepole:

"Bado mmoja, bado Mama.
Theluji yake ninayo mimi."

Vuuum! Aikande akatoka mbio mpaka barabarani.

Kumbe ni wageni wa jirani. Akarudi akiburuta miguu.

"Bado mmoja, bado Mama.
Theluji yake ninayo mimi."

Kriii, kriii! Simu ya Bibi ikalia. Alikuwa Mama.

"Basi letu limeharibika Same, mwanangu. Fundi yuko chini ya gari."

"Utafika leo?"

"Nakuja, Aikande. Nakuja."

Lakini jua likashuka. Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kikajifunika mawingu, na theluji yake haikuonekana tena.

"Itundike wewe tu," alisema Ndewario. "Mti ukamilike."

Aikande akatikisa kichwa. "Nikiitundika, mti utasema Mama yupo. Na hayupo."

Bibi akapakua nyama ya mbuzi. Sahani moja akaifunika, akaiweka karibu na jiko. Aikande alikula kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na kazi.

"Haya, kulala," akasema Bibi.

Aikande akajilaza. Akalia kidogo, pamba ikalowa. Akaimba kwa sauti ndogo sana:

"Bado mmoja, bado Mama.
Theluji yake…"

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Sauti ile! Aikande akaruka kutoka kitandani, akakimbia bila viatu. Mama alikuwa mlangoni, na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Aikande akafumbua kiganja. "Theluji yako."

Pamba ilikuwa imebonyea. Ilikuwa na masizi, mchuzi na machozi.

"Imechafuka," akasema Ndewario. "Bibi ana nyingine nyeupe."

"Siitaki," akasema Mama. "Hii imenisubiri siku nzima."

Akambeba Aikande juu, juu, juu. Wakaitundika pamoja kileleni.

Bibi akasogea karibu na mti. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Akaigusa pamba ya kileleni. "Sita. Tumetimia."

Kisha Mama akala nyama yake, akaenda kulala na mwanawe. Kiganja cha Aikande kilikuwa kitupu sasa. Akashika kidole cha Mama.

"Bado nani?" Mama akamnong'oneza.

"Hakuna," akasema Aikande. Akalala.