Siku Taifa Zima Lilipogeuka Ndugu

Enzi zile wafalme wa Zhou, huko Uchina, walipokuwa wamebakiwa na heshima nyingi na askari wachache, palikuwa na ufalme mdogo kando ya mto Huai, ukiitwa Huang. Ulikuwa na ukuta wa udongo ulioshindiliwa, hekalu la mizimu ya kifalme, mashamba ya mtama, na mfalme asiyependa kusumbuliwa. Kusini yake ilikaa dola kubwa ya Chu, iliyodai ushuru kila mwaka. Mfalme wa Huang hakupeleka hata ukwato wa mbuzi. Alisema Chu iko mbali mno, haiwezi kumdhuru. Na kweli ilikuwa mbali. Ila majeshi yana miguu, na hilo la Chu lilikuwa na farasi pia.

Katika mji huo aliishi Zhuo, mpiga mishale wa lango la kaskazini, aliyevaa deraya ya ngozi ya kifaru aliyoirithi kwa baba yake. Marehemu alikuwa mnene, kwa hiyo Zhuo akigeuka, deraya ilimfuata baadaye. Mchumba wake alikuwa Qiao, mfuma hariri. Kama ilivyokuwa ada, Zhuo alipeleka posa ya bata bukini aliye hai, na bata yule akamng'ata baba mkwe mbele ya wageni. Mzee akacheka, akasema anashukuru kwamba anamwoza binti yake kwa kijana wala si kwa bata. Harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Chu wakaja kabla ya mavuno.

Waliuhusuru mji mpaka watu wakala magome ya miti. Baba yake Qiao na kaka zake wawili walifia juu ya ukuta. Mfalme aliuawa, hekalu likachomwa, na ukuta ulipobomoka watu wote wakakimbilia kivukoni. Zhuo na wapiga mishale wachache wakasimama katikati ya mto, maji yakiwafika kiunoni, ili kina mama na wazee wavuke nyuma yao.

Alipiga mishale hadi podo likawa tupu. Alipokosa mshale, akatumia kinywa.

"Enyi wala vyura!" alipaza sauti. "Mmetembea nchi nzima kuja kuoga? Kwenu hakuna maji?"

Dereva mmoja wa gari la vita, mtu wa hasira za karibu, akawachapa farasi wake na kuwatosa mtoni mahali penye tope. Gari likazama hadi kitovu cha magurudumu, likaziba kivuko chote, na jeshi zima la Chu likabaki ng'ambo likimtukana dereva wao. Watu wa Huang wakavuka. Zhuo alitoka majini wa mwisho, mshale umemkaa begani.

Walipojificha matetini, Qiao aliuchomoa mshale ule, akamfunga jeraha kwa kipande cha hariri.

"Ulimwita nani mla vyura?"

"Yule mwenye gari."

"Vyura ni watamu, mjinga wewe." Kisha akamshika sikio, akalia kwa muda mrefu bila kuliachia.

Siku ya pili Mzee Heng, mtunza hekalu ambaye sasa hakuwa na hekalu, aliwakusanya watu. Alimchinja kondoo pekee aliyevuka mto, akakinga damu katika bakuli la shaba. Siku hizo jina la ukoo lilikuwa mali ya wakuu. Zhuo alikuwa Zhuo, basi.

"Watalifuta jina la nchi yetu," alisema Mzee Heng. "Basi tutalivaa sisi. Kila apakaye damu hii midomoni ataitwa Huang, na watoto watalirithi jina kwa baba, kizazi hata kizazi. Popote atakapokuwapo mtu wa jina hilo, ufalme haujaanguka."

Watu wakalia kwa fahari. Zhuo, shujaa wa kivuko, akaitwa wa kwanza. Alikuwa amekwisha kuchovya kidole aliposikia sauti ya Qiao.

"Zhuo! Usipake!"

"Kwa nini?"

"Mimi nikipaka na wewe ukipaka, tutakuwa nani?"

Kila mtu aliijua sheria ya Zhou: wenye jina moja la ukoo ni ndugu, na ndugu hawaoani, hata kama mmoja ametoka mawio na mwingine machweo. Vijana wakatazamana. Msichana mmoja akamwachia mvulana mkono kana kwamba ameungua.

"Mzee wangu," alisema Zhuo kwa adabu, "Chu wametupiga majira mazima, wakashindwa kutumaliza. Wewe unatumaliza kwa bakuli moja."

"Tuozeni kwanza," alisema Qiao. "Jina litafuata."

"Mfalme hajaliliwa miaka mitatu, nawe unataka ngoma?" Mzee Heng alifoka. "Hapana. Asiyepaka, asipake. Lakini atakuwa nje yetu. Hatutamtambikia akifa, wala watoto wake hawatahesabiwa kwetu."

Qiao alimgeukia Zhuo. "Basi sipaki mimi. Wewe paka, Zhuo. Umelipigania."

Zhuo akamtazama. Aliona ukanda aliojifunga Qiao, wa marehemu kaka yake mkubwa, uliomlegea kiunoni kama ile deraya ya Zhuo. Kati ya vitu vyote alivyokuwa navyo Qiao kabla ya vita, kimoja tu kilikuwa bado kinaweza kuokolewa, nacho kilikuwa ndani ya bakuli.

Akakifuta kidole chake kwenye nyasi.

"Watu wako walilifia," alisema. "Livae wewe. Mimi nimezoea vitu visivyonitosha. Kutokuwa na jina nitakuzoea pia."

"Na watoto wetu? Hawatakuwa na ufalme."

"Watakuwa na mama."

Qiao akapaka damu midomoni. Nyuma yao matete yakajaa minong'ono ya wachumba wakibishana nani apake na nani asipake, na Mzee Heng, baada ya kununa mpaka jua likatua, akaketi kando akikubali kwamba taifa la ndugu watupu lingekufa pamoja naye.

Jina Huang lilienda. Lilishuka kusini, likavuka milima, likafika pwani na kupanda merikebu za watu wengine, na leo hakuna pembe ya dunia lisikoitwa. Waliosimama kando ya bakuli bila kupaka hawakumbukwi na mtu, ingawa damu yao imo humo, kwa mabinti waliowaoza kwa watu wa jina hilo.

Miaka mitatu ya matanga ilipokwisha, Zhuo na Qiao, sasa mume na mke, walifika kwenye lango la nchi ya jirani wakitafuta shamba. Askari wa lango akawazuia kwa mkuki.

"Jina?"

"Huang," alisema Qiao, kwa sauti ambayo ungedhani ana jeshi nyuma yake.

"Hiyo nchi si ilikufa?"

"Nimekufa mimi?"

Askari akamgeukia Zhuo. "Na wewe, wa nani?"

"Wa huyu," alisema Zhuo.

Askari akainua mkuki, wakapita.