Nimefahamu, Kaka

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bi Rahila huteleka chai ya maziwa na kufungua dirisha la jikoni. Nyumba yao iko Wadi Kabir, ghorofa ya pili, mtaa wa gereji. Akisikia honi ya gari anayoijua, humwita binti yake.

"Shatha! Kaka yako huyo. Toa makaratasi."

Shatha hutoa makaratasi, moja moja.

Kaka yake, Sinan, ni mhandisi. Anakaa Madinat Sultan Qaboos, upande mwengine wa mji, na mkewe na watoto. Siku hizi akitoka kazini haendi kwake. Anakuja moja kwa moja kumsomesha dada yake hesabu. Foleni ya magari, jua kali, na hata chakula cha mchana bado hajala. Nani atakuwa na uso wa kumwambia mtu kama huyo kwamba hafahamiki?

Shatha anafanya kazi katika kampuni inayouza vipuri vya magari. Ni mchangamfu, na wateja wakifika humwulizia yeye. Anataka sana kusoma shahada ya biashara. Chuo kimemkubali kwa sharti moja: apate alama sitini katika mtihani wa hesabu wa kuingilia. Mara ya kwanza alipata arubaini na moja. Mtihani huo hurudiwa mara moja tu. Akianguka tena, nafasi yake itakwenda kwa mtu mwingine. Na siku ya kurudia ni mwezi ujao.

Siku moja Sinan alikaa, akachukua kalamu.

"Tazama. Bomba mbili zinajaza tangi. Hii peke yake kwa saa tatu, hii kwa saa sita. Kwa saa moja, hii inajaza thuluthi, hii sudusi, yaani moja ya sita. Jumlisha, unapata nusu tangi. Kwa hivyo tangi zima ni saa mbili. Umefahamu?"

"Nimefahamu, kaka."

"Haya, nyengine."

Kalamu ilikwenda mbio. Sinan alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Kumtazama ilikuwa raha, kama kumtazama mtu akisukuma chapati za duara. Ukijaribu wewe, zinatoka kama ramani.

"Umefahamu?"

"Naam, kaka."

Hakufahamu hata chembe. Lakini nyumba ile watoto walilelewa hivyo: mkubwa akisema, mdogo anaitikia. Kumwambia kaka "sikufahamu" mara ya tatu ni kama kumwambia hajui kufundisha. Basi Shatha aliitikia. Jana yake alijipima kwa mtihani wa zamani, akapata arubaini na tatu. Kaka alipomwuliza kwa simu, alijibu, "Nnaendelea vizuri."

Mlango uligongwa. Alikuwa Bi Balqis, jirani wa mlango wa pili, amekuja kurudisha sahani ya Bi Rahila. Na kwa kuwa sahani hairudi tupu, aliweka halua juu yake. Bi Balqis ni mwalimu wa hesabu katika skuli ya sekondari. Alikaribishwa chai, akakaa. Alimtazama Sinan akiandika, akamtazama Shatha akiitikia. Kikombe kilipoisha, akasema:

"Sinan, mwanangu, niruhusu nimwulize moja tu."

"Karibu, Bi Balqis."

Akaichukua kalamu mkononi mwa Sinan, akaiweka mbele ya Shatha.

"Duka limepandisha bei kwa asilimia ishirini. Baadaye likaishusha bei hiyo mpya kwa asilimia ishirini. Bei imerudi pale pale?"

Shatha alimtazama kaka yake.

"Usimtazame yeye," alisema Bi Balqis. "Ndani ya mtihani hatokuwepo."

"Imerudi pale pale," alisema Shatha kwa sauti ndogo.

"Shatha!" Sinan aliruka. "Si tumeifanya juzi hii?"

"Umeifanya wewe," alisema Bi Balqis.

Bi Rahila alibaki ameshika birika. Masikio ya Sinan yalikuwa mekundu.

"Si umesema umefahamu?"

Shatha aliona aibu mpaka macho yakamwuma. Lakini alichoka kuogopa.

"Sikufahamu, kaka. Hii wala zile za bomba. Nnakwitikia tu. Na jana nimepata arubaini na tatu."

Sinan alisimama, akachukua funguo za gari. "Kumbe siku zote hizi nnakuja bure!"

"Kaa," alisema Bi Balqis. "Unazijua hesabu, na dada yako ana akili. Lakini kalamu umeishika wewe. Ukimtazama mtu anafanya, unahisi umejua. Mpaka ufanye mwenyewe ndipo unaona ulipokwama. Shatha, bei ya mwanzo ifanye mia. Ongeza asilimia ishirini."

"Mia na ishirini."

"Sasa shusha asilimia ishirini. Ya ngapi?"

Kalamu ilisimama. Sinan alifungua mdomo. Bi Balqis alimwinulia kidole, Sinan akaufunga.

"Ya... mia na ishirini," alisema Shatha polepole. "Ishirini na nne. Inabaki tisini na sita! Hairudi pale pale!"

"Hiyo sasa ni yako. Tokea leo, jaribu kwanza peke yako. Ukikosa, jiulize: sikuelewa suali, nimesahau kanuni, au nimefanya haraka? Kisha funika jawabu, uifanye hesabu hiyo tena kesho. Ukishazoea, jipime kwa saa. Suali likikukatalia, liache, uende mbele. Utalirudia. Na wewe Sinan, kunywa chai, mikono mfukoni. Akikuuliza, mjibu."

Kwa Sinan hiyo ilikuwa adhabu. Alikaa akimwona dada yake anakosea, akajiuma midomo. Mara nyingine alikimbilia jikoni kwa mama yake. Siku za mwanzo alama hazikupanda, na Shatha alilia. Lakini alianza kuona kwamba makosa yake mengi yalikuwa ya asilimia na ya haraka. Akayashughulikia hayo. Alama zikafika hamsini na tano, zikakwama hapo, na siku ya mtihani ikafika.

Suali la nne lilimkatalia. Alitamani kuling'ang'ania. Akaliacha. Aliporudi mwishoni, alibakiwa na dakika chache, na safari hii akaona njia.

Matokeo yalipokuja kwenye simu, Shatha, mama na kaka yake walikuwa sebuleni. Shatha alisoma mara mbili.

"Sitini na saba."

Bi Rahila alipiga vigelegele mpaka mafundi wa gereji wakatazama juu. Sinan alimkumbatia dada yake.

"Mimi nlijua!"

"Ulijua nini?" alisema mama yake. "Tokea jana huli wewe!"

Sinan alicheka, akapangusa macho. "Masomo yanaanza lini?"

"Jumapili jioni."

"Ntakupeleka. Na nikusaidie kuchagua masomo."

Zamani Shatha angeitikia.

"Ahsante, kaka. Ntakwenda mwenyewe. Nikikwama, ntakuuliza."

Sinan akatia mikono mfukoni.

"Haya," alisema. "Nimefahamu."