Magodoro ya Nailoni

Kaa hapo, weka simu pembeni, sikiliza. Ukipandwa na hasira usiizuie, ndiyo saizi ya kisa hiki.

Walimwita Fagio, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufagia nyumba ya baba yake mkubwa. Ghorofani kuna vyumba vitano na vitanda vitano, na hajawahi kulala mtu. Magodoro bado yamevaa nailoni ya dukani. Mzee mwenyewe analala chini, peke yake, funguo shingoni. Mgeni akija anapandishwa juu, anaonyeshwa, akishashangaa vya kutosha mlango unafungwa.

Mama yake Fagio, mjane wa mdogo wake huyohuyo mzee, amepanga chumba bondeni. Ukuta unatoka maji. Anakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta anyamaze.

Asubuhi moja Fagio alifunguliwa chumba cha mwisho. Akaweka mkono kitandani apanguse vumbi. Godoro lina joto! Joto la mtu aliyeamka sasa hivi. Na harufu ile ya mdomo wa usingizi.

"Baba mkubwa, kuna mtu analala juu."

"Umemwingiza mama yako?"

Ona akili yake ilikokimbilia.

"Na angelala, baba mkubwa, kuna ubaya gani? Chumba kimoja tu. Daktari kasema bila kutoka kwenye ule unyevu hafiki mbali."

"Nikianza na mama yako, kesho ukoo mzima uko hapa. Mali ni heshima, mtoto. Ikikanyagwa na kila mtu inakuwa stendi."

Mchana ule, jua linawaka, Fagio yuko ngazini na ndoo yake, akasikia nailoni. Krr. Kimya. Krr, krr, kama mtu anajigeuza kitandani, kisha chumba cha pili nacho, kisha cha tatu, halafu mtoto akalia kidogo na sauti ya mwanamke ikambembeleza, na mtu akapiga miayo mirefu karibu kabisa na tundu la ufunguo, na milango yote mitano ilikuwa imefungwa na funguo ziko chini, kwenye shingo ya mzee.

Fagio akamweleza mzee, mganga akaitwa. Akamwaga dawa mlangoni pa chumba cha mwisho, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani humo?"

"Ni sisi," sauti ikajibu, kwa adabu kabisa. "Tulikuta hapana watu."

"Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu. Leteni watu walale, tutawapisha."

Mganga akageuka. "Mzee, kazi ndogo hii. Walaze watu humu leo hiihii."

Moyo wa Fagio ukaruka. Mama!

Mzee akazing'ang'ania funguo zake. "Hao... wanaombaomba?"

"Hapana."

"Wanasema wao ni ndugu zangu?"

"Hapana, mzee."

"Basi waache wakae. Afadhali wao."

Mganga akakusanya vitu vyake harakaharaka. "Umewakaribisha kwa mdomo wako. Mimi siwawezi tena." Akashuka, mzee nyuma yake.

Fagio akabaki juu peke yake. Mlango wa mwisho ukajifungua, upenyo wa kidole. Nailoni ikalia kwa muda mrefu, kama watu wengi wanabanana.

"Mwenye nyumba katuruhusu, hatutoki tena," ile sauti ikanong'ona. "Lakini mlete mama yako, binti. Tumesogea. Upande wa ukutani ni mkavu."

Bondeni mama anakohoa. Shemeji yake kagoma, majini wamesogea. Ungekuwa wewe, ungempeleka?