Mpangaji Asiyelala Ndani

Duka la vifaa vya ujenzi mwisho wa mwezi ni kama harusi na ugomvi vimeingia kwa mlango mmoja: kila mtu anapaza sauti, hakuna anayesikilizwa. Hapo ndipo mikono miwili ilipoikamata koki moja, ya mwisho rafuni.

"Kaka, iachie. Kwetu maji yanamwagika tangu juzi."

"Dada, kwangu yanamwagikia wateja."

Mwanamume alikuwa kinyozi, shati jeupe limekunjwa mikono, viatu vinang'aa utadhani anakwenda kuposa. Mwanamke alikuwa mshonaji, gauni la buluu la kujishonea, pini zimechomekwa kolani. Mtaa mzima ulimwita Pini. Kinyozi akaiachia koki kwa sharti moja, aje aifunge mwenyewe.

Akaifunga. Kesho yake akarudi kuangalia kama inavuja. Haivuji. Akarudi tena. Bawaba, swichi, mguu wa meza. Nyumba nzima ikapona maradhi yake, na Kinyozi bado anakuja, anakula, anaosha sahani yake, anaaga. Kisha anapiga simu.

"Nimefika."

"Hongera, mpenzi wa koki."

"Mpenzi wa nani?"

"Wa koki. Kwani kuna mwingine?"

Anacheka, anakata. Mtu ambaye kibandani kwake husimulia ndoa za watu hadi mkasi unasahau kazi, kwa mambo yake mwenyewe alikuwa bubu. Pini hakujua amshike wapi. Mchumba? Hajatamka. Rafiki? Rafiki gani anakutazama vile ukipita na ndoo?

Nyumba yenyewe, aliyoiacha marehemu baba yake Pini, haikuwahi kuwa na kiti kitupu. Shangazi alikuja wiki moja kutibiwa meno. Meno yalipona zamani, Shangazi yupo. Binamu walikuja kutafuta kazi, wakaipata, wakasahau kuhama. Jirani naye kila akinuniana na mumewe anahamia kwenye kochi. Basi siku mthamini wa jiji alipopita kukadiria majumba, akaona, akaandika, akaondoka. Kodi ya jengo ikaja mara tatu ya ile ya mwaka jana. Wameiita nyumba ya kupangisha.

Mama akaketi kwanza ndipo akasema. "Biashara gani hapa, ya kulisha watu bure? Mwanangu, hatuiwezi. Dalali ameshapita mara mbili, anapapasa kuta kama ananunua ng'ombe. Tutauza."

"Hatuuzi. Napeleka pingamizi."

Ofisini, mthamini alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, sauti ya taratibu.

"Mwanangu, mimi sikubuni. Nilimkuta kijana uani, shati jeupe, bisibisi mkononi. Nikamuuliza, wewe ni nani hapa? Akajibu, mpangaji. Nikachungulia ndani, watu tele. Nikasema, kumbe. Pingamizi nimelipokea. Jumamosi nakuja kukagua upya, na kila mtu atajisemea mwenyewe."

Pini akatoka hajui kama ngazi zinapanda au zinashuka. Mpangaji! Akapiga simu akiwa palepale barabarani.

"Ulimwambia mthamini wewe ni mpangaji wetu?"

Kwa mbali mashine ya kunyolea inanguruma.

"Pini, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Umepanga chumba gani? Cha juu ya bati?"

"Mama yako alikuwa amesimama pale. Shangazi yuko dirishani. Ningesema nini?"

"Ungesema unachokifuata kwetu!"

"Na wewe ungekubali?"

Pini akazidi kuwaka. "Nyumba ya baba yangu inauzwa kwa sababu ya mdomo wako mzito. Usije tena."

Akakata. Halafu akaikodolea simu ilie. Haikulia. Amechukia kweli? Au ndiyo ilikuwa nafasi aliyoitafuta? Akashona mkono wa blauzi mahali pa kola, akaufumua. Nyumbani koki ikaanza kuvuja. Shangazi akaapa hajaigusa, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi mthamini alikuta sebule imefurika. Pini alikuwa amepiga magoti anampimia Shangazi pindo, pini zimejaa mdomoni.

"Wewe?"

"Binamu."

"Na wewe kwenye kochi?"

"Jirani. Nimenuna tu, leo narudi."

"Wewe mama?"

"Dada wa marehemu. Nimekuja kutibiwa meno."

"Lini?"

"Wakati huo wewe bado hujaajiriwa."

Watu wakacheka, kicheko kikakatika. Kinyozi alikuwa mlangoni, shati lilelile jeupe limelowa jasho.

"Huyu ndiye," mthamini akasema. "Kijana, wewe ni mpangaji hapa?"

"Hapana. Nilidanganya. Nalala nyuma ya kibanda changu. Twende nikuonyeshe kitanda."

"Basi hapa ni nani?"

Koki peke yake ikadondosha, to, to.

"Mimi... huyu binti nampenda. Vitu vya kutengeneza vimeniishia, sababu ya kuja sina. Nataka nimuoe, kama mama ataridhia na mwenyewe akinitaka. Asiponitaka, andika fundi mpita njia. Lakini mpangaji, hapana."

Mama akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. Mthamini akamgeukia Pini.

"Uthibitishe wewe. Huyu ameshanidanganya mara moja."

Pini akaanza kuzitoa pini, moja moja, anazichomeka kwenye mkono wa gauni la Shangazi.

"Aa! Ndani ya nguo hiyo kuna mtu!" Shangazi akaruka.

Pini hakusikia. Furaha, hasira na aibu zilikuwa zinasukumana, asijue ipi itangulie. Miezi yote hii mtu anazunguka bawaba na swichi! Na yeye, je, si alikuwa anampakulia tu bila kuuliza? Pini ya mwisho ikatoka.

"Tangu dukani ananichanganya," akasema. "Hata sasa sijui nimpige au nimkumbatie. Andika mchumba. Kwa wino mzito, asije akabadilisha tena."

Mthamini akaandika, akafunga kalamu. "Jamaa watupu, mpangaji hakuna. Hii ni nyumba ya kuishi. Kodi inarudi palepale ilipokuwa."

Sebule ikalipuka. Mama analia, jirani anamkumbatia mtu asiyemjua. Kinyozi amesimama katikati, mikono hajui aiweke wapi.

"Koki inavuja," Pini akamwambia.

"Nimeisikia."

"Kaifunge, mpenzi. Ila leo ukimaliza, usiage."