Mizabibu ya Baba na Mkasi wa Ornella

Ornella aliipenda mizabibu ya marehemu baba yake kupita kiasi. Kila asubuhi, akishakunywa kahawa, alipanda kilimani kuitazama. Majira ya baridi wenzake walipopogoa matawi ya mizabibu yao, yeye aliokota majani makavu tu. Akate tawi alilolifunga baba kwa mkono wake? Thubutu!

Basi shamba likawa kichaka. Likazaa zabibu nyingi, lakini ndogo na chachu. Kiwanda cha mvinyo cha ushirika kikazikataa zote. Majira ya baridi yaliporudi, mumewe, Gualtiero, akachemka.

"Nimechoka, Ornella! Naing'oa yote, tupande mihazeli, tuuze kokwa zake."

"Ung'oe kazi ya baba? Anza kuning'oa mimi kwanza!"

Kesho yake akaenda kulia kwa jirani, Mwalimu Delfina. Mama huyu alifundisha Kilatini miaka mingi, na mizabibu yake mwenyewe ilimpendeza kila mtu.

"Futa machozi, mwanangu, ushike mkasi," alisema Delfina. "Kwa Kiitaliano chetu tunasema *potare*, yaani kupogoa. Neno hilo limetoka kwenye *putare* la Kilatini. Wazee wa kale walilitumia kwa kusafisha na kukata matawi. Wakalitumia pia kwa kuhesabu, na kwa kufikiri."

"Kukata na kufikiri vinahusiana nini, Mwalimu?"

"Mimi naona hivi: anayekata bila kufikiri anaua mzabibu. Na anayefikiri tu bila kukata ndiye wewe!"

Ornella akacheka, kamasi zikimtoka.

Wakaenda shambani. "Mzizi una nguvu zake tu," alieleza Delfina. "Matawi mengi yakizigawana, hakuna linaloshiba. Acha tawi moja refu, lizae mwaka huu. Acha na kijiti kifupi chenye macho mawili ya kuchipua, kitoe tawi la mwakani. Mengine yote kata."

"Hata hili la baba?"

"Hilo limezeeka. Baba yako angeshalikata zamani. Kwani hukumwona akipogoa kila mwaka?"

Kweli, alimwona. Ornella akakata. Akalia, akakata tena.

Gualtiero alipofika akapigwa na butwaa. "Haya, nakupa mwaka mmoja," alinung'unika. Kisha akachukua mkasi wa pili, akaanza mstari wa chini.

Septemba zabibu zilikuwa chache kuliko zamani, nyeusi, tamu ajabu. Kiwanda kikazipokea zote. Gualtiero alikuwa ameshamaliza shada zima peke yake, midomo imegeuka zambarau.

"Mzee alijua kupanda, bwana!"

"Na kukata alijua," alisema Ornella. "Mimi ndiye nilikuwa sijui."