Waya Ndani ya Ukuta

Mwaka 1991 Jotham Kimaiyo aliuza shamba lake la Kapsokwony, akanunua nyumba kuukuu yenye shamba dogo Kibomet, pale Kitale. Alikagua kila kitu ambacho mkulima hukagua: hati, mawe ya mpaka, hata udongo wa nyuma ya jikoni. Ndani alibonyeza swichi moja tu. Taa ikawaka, akaridhika. Wanasema kibaya chajitembeza, lakini hiki kilipakwa rangi mpya kikatulia.

Mkewe, Chepkemei, alimpa mama mkwe chumba cha kando. Wote walimwita mama huyo Kogo, yaani nyanya. Kifua kilimsumbua, na hakuweza tena kutoka kitandani. Baada ya mavuno walipanga magunia ya mahindi humo humo, yakafunika soketi.

"Ukuta unanuka," Kogo alisema asubuhi moja. "Kama pembe ya ng'ombe ikichomwa."

Chepkemei alinusa. Alisikia harufu ya mahindi tu. Kesho yake Kogo alisema vile vile. Taa nayo ikaanza kufifia na kurudi.

"Ni uzee, bana," Jotham alisema.

Wakawaita wazee wa kanisa waombee chumba. Kogo aliitikia amina, kisha akarudia taratibu kwamba ukuta unanuka. Chepkemei alikuwa amechoka.

"Si umeombewa, Kogo? Sasa nyamaza kidogo."

Kogo aligeuza uso. Tangu siku hiyo hakutaja ukuta tena.

Jumamosi moja Chepkemei alivuta gunia apeleke mahindi kusagwa. Upande mmoja lilikuwa limeungua, jeusi kabisa. Nyuma yake soketi ilikuwa imeyeyuka. Alikwenda mbio kumwita jirani yao Wabwile, fundi wa stima, yaani umeme, aliyesomea kazi hiyo Bungoma.

Wabwile alizima swichi kubwa kwanza, ndipo akafungua soketi.

"Kuja uone, mama. Hii waya nyeupe si shaba. Ni alumini."

"Si waya ni waya tu?"

"Hapana. Alumini ikipata joto inapanuka, ikipoa inarudi. Kila siku hivyo, mpaka inalegea hapa kwa skrubu. Ikilegea, hapo ndipo moto unaanzia. Na ona, mtu aliisokota pamoja na shaba. Hizo mbili zikigusana hivi zinakulana."

"Na Kogo analala hapa," Chepkemei alisema.

Wabwile alisogeza magunia mbali na ukuta.

Jotham alifika akiwa na bisibisi mkononi. "Wacha nikaze hizo skrubu."

"Usiguse, mzee. Kukaza haitoshi. Kuna viungo maalum vya alumini na shaba, lakini hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Na hizi zako zimeungua. Tutoe zote, tuweke shaba. Mpaka siku hiyo, stima isiwashwe."

"Lakini taa ilikuwa inawaka wakati nanunua."

"Taa kuwaka si kitu. Ungeita fundi afungue soketi kabla ya kulipa. Swichi ikiwa na joto, taa ikififia, ama usikie harufu ya kuungua, zima uite fundi."

Harufu. Jotham alitazama chini. Chepkemei aliona aibu mpaka machozi yakamtoka.

Miezi miwili walikaa na taa ya mafuta. Mahindi ya kula mwaka mzima yaliuzwa ili kununua waya, na ugali ukawa wa kupimiana. Wabwile alitoa alumini yote, akaweka shaba na soketi mpya. Magunia machache yaliyobaki yalihamishiwa stoo. Taa haikufifia tena.

Jioni stima iliporudi, Chepkemei alikaa kando ya kitanda.

"Kogo, nilikukaripia, na wewe ndiwe uliyekuwa unatuokoa. Nisamehe."

"Mlinichukulia kama mtoto," Kogo alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Lete chai."

Kogo alikufa miezi mitatu baadaye. Kifua kilimshinda. Alifia kitandani mwake, Chepkemei akimshika mkono, na nyumba ilikuwa nzima.