Mchanga wa Kukaushia Mawaridi

Waridi la kwanza lilitoka mchangani likiwa limelowa.

Nyamvula alilitazama, akalipuliza, akaligusa kwa ncha ya kidole. Alichotarajia kukitoa ndani ya boksi lile ni ua kavu, jepesi kama ganda la kitunguu. Hili lilikuwa bichi kuliko siku alipolifukia, na katikati ya petali zake palikuwa na umande. Umande, ndani ya mchanga mkavu, uvunguni mwa kitanda, Kisauni, tena kiangazi! Akalipeleka puani. Lilinukia marashi, yale ya chupa wanayonyunyiziwa watu harusini.

"Labda mchanga umepata unyevu," akajiambia, akalifukia tena. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi.

Kazi yake ilikuwa kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Shanzu. Kila harusi ikiisha, mawaridi ya mezani yalitupwa yangali na uhai, na yeye roho ilimuuma. Akawa anayachukua. Alichagua yaliyofunguka nusu, akayapukutisha majani, akayaning'iniza vichwa chini ndani ya kabati lenye giza. Lakini hewa ya Mombasa haina huruma; yaliota ukungu, yakawa meusi. Ndipo Dancun, mtunza bustani wa hotelini, kijana wa bara, akamfundisha njia ya mchanga: ua husimamishwa ndani ya boksi, mchanga laini ukamiminwa polepole kwa kijiko mpaka uingie kila petali, kisha likaachwa.

"Lakini mama, tafuta mchanga wa mto, uoshe, uanike," Dancun alimwambia. "Usichukue tu wa hapa."

Nyamvula akaona huo ni mzunguko. Nyuma ya hoteli, mwambani, palikuwa na pango ambalo maji yakijaa hayalifikii, na mchanga wake ulikuwa mkavu, laini kama unga wa ngano. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kwelikweli, akajaza mfuko. Aliziona chupa tupu za marashi na kitambaa chekundu kilichochakaa. Amezaliwa pwani, alijua ni sadaka za majini wa pangoni. Lakini alikuwa ameokoka, na kanisani kwao aliyeokoka haogopi vitambaa. Akavisukuma kando kwa mguu.

Kwenye kitanda kile cha juu ya boksi alilala Vivian, binti yake wa pekee. Mtoto akaanza kuomba maji. Mwanzo walicheka. "Huyu amemeza jangwa," alisema Kazungu, babake, akimjazia kikombe kingine. Kisha midomo ikapasuka. Ngozi ikakauka, ukiishika inakwaruza. Mchana mmoja alijikwaa mlangoni, akalia kwa sauti, na Nyamvula alipoinama kumfuta machozi, hakukuta chozi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika, macho makavu.

Zahanati wakamtundikia dripu. "Maji yanaingia, mama," muuguzi alinong'ona, "ila sioni yanakokwenda." Mchungaji akaja, akaomba mpaka shati likamganda mgongoni. Vivian alimtazama tu, akaomba maji.

Hakuna uchungu kama wa mama aliyeshika jagi lililojaa, na mtoto wake anakufa kwa kiu. Alasiri moja Nyamvula alikuwa amekaa kando ya kitanda, jagi mapajani, Vivian amesinzia, mtaa mzima umenyamaza kwa joto, ndipo akasikia uvunguni mchanga ukimiminika, shrr, ukanyamaza, shrr, ukanyamaza, kwa kipimo, kama wa mtu mwenye kijiko asiye na haraka, na ile harufu ya marashi ikapanda mpaka ikajaa chumba, akapiga magoti, akalivuta boksi, akakuta mawaridi yote yamejitokeza, yamefunguka wazi, mekundu, yanachuruzika maji, na kila tone lilipodondoka, mtoto pale juu alimeza mate asiyokuwa nayo.

Kazungu ndiye aliyeingia akamkuta pale chini.

"Mama Vivi," akasema kwa sauti ya chini sana, "mchanga huu uliutoa wapi?"

"Shanzu."

"Shanzu wapi?"

Akamwambia. Kazungu akavaa viatu, akaenda kumwita Bibi Kafedha, yule muuza mahamri ambaye wengi humwendea kwa mambo ya majini, japo kwa mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mama," Nyamvula akamwamkia.

"Marahaba." Bibi Kafedha alisimama kizingitini, akakataa kuingia. "Harufu hii nimeipata tangu barabarani. Ulipiga hodi?"

"Pangoni?"

"Kwa watu, mwanangu. Umewabomolea nyumba, ukaifanya ya kukaushia maua yako. Na wao sasa wanakausha cha kwao: mtoto wako."

"Tufanyeje, mama? Niambie chochote."

"Mchanga urudi pangoni. Wote. Ikisalia chembe moja, mwenye pango naye amesalia kwenu."

Wakafagia. Wakakung'uta godoro, pindo za nguo, nyayo za viatu. Nyamvula alifungua mawaridi petali moja moja juu ya beseni, na Kazungu alikuwa amelala kifudifudi akichokonoa nyufa za sakafu kwa sindano, mwanamume mzima, akilia. Kisha wakampakia mtoto kwenye tuktuk, wakaenda Shanzu jua likiwa bado halijazama.

Mbele ya pango Bibi Kafedha alimwaga marashi, akapiga hodi kwa unyenyekevu, akaomba radhi kwa niaba ya mjinga. Nyamvula hakuona vibaya kuitwa mjinga. Mchanga ukamiminwa, mawaridi yakawekwa juu yake, na papo hapo yakanyauka. Harufu ikapungua, ikapungua, ikaisha. Begani kwa mama yake, Vivian akafumbua macho, na kwenye kope likatokeza chozi. Moja. Nyamvula akalibusu, lina chumvi, akamshukuru Mungu kwa kilio.

"Wote?" akauliza Bibi Kafedha.

"Wote, mama. Hakijasalia kitu."

Vivian akamsogelea sikioni. "Mama, na ule niliokula?"

Nyamvula akamshika kidevu. "Ulikula mchanga, Vivi? Lini?"

"Kila siku, ukienda kazini. Mama wa uvunguni alinilisha kwa kijiko." Akatabasamu kwa midomo yake iliyopasuka. "Mtamu."

Kazungu alimgeukia Bibi Kafedha, lakini Bibi Kafedha alikwisha kujifunga leso na kuokota chupa yake, naye hakuwa akimtazama mtu yeyote.

Mtoto akapiga miayo, na kinywani mwake mkavu ikatoka harufu ya marashi. Nyamvula akamfunika mdomo kwa kiganja, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, asijue amzuie aliyemo ndani asitoke, au amwombe atoke.